Ukiibiwa Roma: Yapi ya Kweli, Yapi ya Uongo?

Kama una ndugu padri anayesoma Roma, mtawa aliyetumwa huko na shirika lake, au jirani aliyekwenda kuhiji mwaka wa Jubilei, 2025, basi umekwisha kuyasikia. Polisi wa kule hawana habari na mgeni. Usipige namba hii, piga ile. Usikanyage kituoni kama karatasi zako zina walakini. Kila anayerudi anarudi na lake, na kwenye kundi la WhatsApp la mahujaji, hadithi ikisambazwa mara tano hugeuka kuwa sheria.

Nimeyakusanya yanayorudiwa zaidi nikayapima kwa sheria za Italia na kwa namna ofisi zenyewe zinavyofanya kazi. Machache yamepona. Mengi yameanguka, na karibu yote kwa sababu moja: tunasafiri na picha ya kituo cha polisi cha nyumbani, chenye kaunta moja na mkuu mmoja, kisha tunaitafuta picha hiyo katika mji wenye polisi wa aina kadhaa na milango mingi.

"Polisi ni polisi, wote ni walewale."

UONGO. Na huu ndio uongo unaozaa wenzake wote, kwa hiyo tukae nao kidogo.

Polizia di Stato ni polisi wa dola, walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Makao yao ya mkoa huitwa Questura, na ya Roma iko Via San Vitale, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya Termini. Chini ya Questura kuna vituo vya mitaa vinavyoitwa Commissariato, mfano kile cha Trevi Campo Marzio kwenye uwanja wa Collegio Romano, jirani na Pantheon.

Carabinieri ni kitu kingine. Hao ni wanajeshi wa Wizara ya Ulinzi wanaofanya kazi ya polisi. Kikosi chao kilianzishwa Torino mwaka 1814, wakati nchi moja inayoitwa Italia ilikuwa bado haijakuwapo. Kituo chao cha mtaani huitwa Stazione, na usije ukakichanganya na stesheni ya treni, ambayo nayo ni stazione. Kisha kuna Guardia di Finanza, wenye sare za kijivu, walio chini ya Wizara ya Uchumi na Fedha: kazi yao ni kodi, magendo na bidhaa bandia. Ukinunua mkoba wa bandia barabarani, hata wewe mnunuzi waweza kupigwa faini inayofika euro 7,000. Mwisho kuna Polizia Locale, askari wa manispaa, ambao mkuu wao ni meya.

Magari nayo hutofautiana. Ya Polizia ni ya bluu mpauko na nyeupe. Ya Carabinieri ni ya bluu iliyokoza yenye mstari mwekundu. Waitaliano huyaita magari ya doria ya Carabinieri "swala" na yale ya Polizia "chui". Swala na chui wakimwinda mwizi mmoja: hilo Serengeti hutaliona.

Kwa mgeni, mgawanyo wenyewe si mgumu. Ukiibiwa, ukipigwa au ukitishwa, nenda Polizia di Stato au Carabinieri, yeyote aliye karibu. Uzito wao ni sawa. Gari limevutwa, kumetokea ajali ya barabarani isiyo na majeruhi, au jirani anapiga muziki hadi alfajiri: hao ni Polizia Locale, simu 06 67691. Mambo ya kibali cha ukaazi ni ya Questura. Basi.

"112 ni ya Carabinieri, 113 ni ya Polizia. Ukikosea, utaambiwa upige nyingine."

ILIKUWA KWELI, SASA NI UONGO. Aliyekufundisha hivyo huenda aliishi Italia miaka ya nyuma, na wakati ule alikuwa sahihi. Tangu Novemba 2015, eneo la Roma linatumia namba moja ya dharura, 112. Anayepokea si askari. Ni mhudumu wa kituo cha pamoja, anayeuliza uko wapi na kuna nini, kisha anakupeleka kwa wanaohusika: Polizia, Carabinieri, zimamoto au gari la wagonjwa. Ukipiga 113 kwa mazoea, simu yako inaishia kituo hichohicho. Kupiga ni bure, na kuna wakalimani wa lugha kadhaa, Kiingereza na Kifaransa zikiwamo.

Jambo la kwanza kusema ni mahali ulipo. Si jina lako, si kisa chako tangu asubuhi. Soma kibao cha marumaru kilicho kwenye kona ya jengo: jina la barabara limeandikwa hapo. Kama hakionekani, taja kanisa, kituo cha metro au namba ya nyumba. Kuna pia programu ya simu inayoitwa Where ARE U, ambayo hupiga 112 na kutuma mahali ulipo kwa wakati mmoja.

Ila 112 ni ya dharura. Pochi iliyotoweka jana jioni si dharura, hata kama moyo bado unadunda.

"Dada yangu akipata shida Roma, nitapiga 112 hapahapa nyumbani."

UONGO. Ukipiga 112 ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, utapokewa na polisi wa Tanzania au wa Kenya. Namba fupi za dharura hazivuki mpaka. Aliye mbali anahitaji namba ndefu ya simu ya mezani, na ya kuanzia ni ya Questura ya Roma: +39 06 46861.

Sasa itazame namba hiyo tena. Hiyo sifuri baada ya 39 si kosa la mchapaji. Sisi tumezoea kuidondosha: 0712 ya Kenya ikipigwa kutoka nje huwa +254 712, na Tanzania ni vivyo hivyo. Italia ni tofauti. Tangu 1998 msimbo wa mji ni sehemu ya namba yenyewe, hata jirani akimpigia jirani, na sifuri yake haitolewi unapopiga kutoka nje ya nchi. Ukiitoa, simu haifiki, nawe utabaki ukiamini polisi wa Roma hawapokei simu. Namba za simu za mkononi za Italia huanza na 3 na hazina sifuri, kwa hiyo hizo ziache zilivyo.

"Lazima uripoti kituo cha mtaa ulikoibiwa."

UONGO, na uongo huu umewatembeza wengi bure. Taarifa ya wizi au upotevu, inayoitwa denuncia, hupokelewa na kituo chochote cha Polizia di Stato au cha Carabinieri, nchi nzima. Uliibiwa Roma ukashtukia ukiwa umefika Assisi? Ripoti Assisi. Na hakuna ada. Unayoondoka nayo ni nakala yenye saini na muhuri, ambayo kazi yake inafanana na ile ya RB kwa Mtanzania au OB kwa Mkenya: bila hiyo, bima haikusikilizi na ubalozi utakuuliza iko wapi. Ukipoteza pasi ya kusafiria, mpangilio ni huo: kwanza denuncia, kisha ubalozi. Tanzania, Kenya na Kongo zote zina balozi zao Roma, kwa hiyo hapo angalau una nafuu kuliko aliyeibiwa Palermo.

Kukitafuta kituo kilicho karibu si kazi ngumu, ila usiiamini kila alama ya ramani ya simu. Roma ni mji mkuu. Vikosi vyote vina makao makuu pale, na mji umejaa kambi, ofisi za utawala na shule za askari ambazo hazipokei taarifa za raia. Mfano mzuri ni jengo la Carabinieri kwenye Piazza del Risorgimento, hatua chache kutoka ukuta wa Vatikani. Hujaji aliyeibiwa akiliona jina hilo atashukuru Mungu na kuingia. Atakuta makumbusho ya historia ya kikosi. Tumia kurasa rasmi za Polizia di Stato na Carabinieri, ambazo zina sehemu ya kutafuta ofisi kwa mji na kuonyesha anwani na simu, au muulize mwenye hoteli. Ukiwa Termini, Polisi wa Reli wana ofisi yao ndani ya stesheni.

Saa nazo zitazame. Vituo vidogo vya Carabinieri havina kaunta iliyo wazi usiku kucha. Ukikuta geti limefungwa, bonyeza kengele ya intakomu na usubiri. Kama ni dharura, rudi kwenye 112.

"Uwanja wa Mtakatifu Petro ni Vatikani, polisi wa Italia hawana kauli pale."

UONGO, ingawa nusu ya kwanza ya sentensi ni kweli tupu. Uwanja ni ardhi ya Vatikani. Lakini Mkataba wa Lateran, uliotiwa saini tarehe 11 Februari 1929, unasema kwamba kwa kuwa uwanja huo uko wazi kwa watu wote, ulinzi wake kwa kawaida ni wa mamlaka za Italia. Mpaka wenyewe umetajwa: mamlaka hayo yanakoma chini ya ngazi za Basilika. Ukichomolewa pochi ukiwa umesimama uwanjani kusikiliza katekesi ya Jumatano, mwendee polisi wa Italia aliye pembeni yako. Ikitokea ndani ya Basilika, ni kazi ya Gendarmeria, polisi wa Vatikani. Wale vijana wa Uswisi wenye sare za mistari ya rangi wanamlinda Papa na malango. Kuandika taarifa ya simu yako si kazi yao.

"Kuripoti ni kupoteza muda, vibaka hawakamatwi."

NUSU KWELI. Tuseme wazi: fedha taslimu zilizochukuliwa ndani ya basi namba 64, lile linalotoka Termini kuelekea upande wa Vatikani, au kwenye metro ya mstari A, usizitegemee tena. Waliokuambia hivyo hawakukudanganya.

Lakini wamekuficha jambo moja, pengine kwa kutolijua. Tangu mwisho wa mwaka 2022, mageuzi ya sheria ya jinai yanayojulikana kwa jina la aliyekuwa waziri wa sheria, Marta Cartabia, yameufanya wizi mwingi, ukiwamo wa kuchomoa mifukoni, usishtakiwe mpaka mwenye mali mwenyewe aombe. Ombi hilo huitwa querela, na muda wake kwa kawaida ni miezi mitatu tangu ulipojua kosa. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Kibaka anakamatwa, mtalii amekwisha kupanda ndege, hakuna aliyeomba ashtakiwe, na kesi inakufa. Kwa hiyo ukifika kaunta usiseme tu kwamba umeibiwa. Sema unataka mhusika ashtakiwe, na uhakikishe maneno hayo yameandikwa kabla hujatia saini. Wasiwasi wetu kwamba "hawakamatwi" unalishwa kwa sehemu na sisi wenyewe tusiorudi kuomba.

Na hapa wahenga wanashinda kesi bila wakili: mali bila daftari hupotea bila habari. KWELI, neno kwa neno. Simu bila namba yake ya IMEI ni maelezo tu ya simu nyeusi, na Roma ina simu nyeusi nyingi. Bonyeza *#06# leo, andika namba itakayotokea, iweke mahali pasipo kwenye simu hiyohiyo. Fanya hivyo kwa namba ya pasi na ya kadi za benki. Askari atakuuliza, na jibu lako ndilo litakalofanya karatasi iwe na maana.

"Nakala ya pasi inatosha mfukoni, ya asili iache hotelini."

USHAURI MZURI, SHERIA MBAYA. Sheria ya uhamiaji ya Italia inamtaka mgeni aonyeshe pasi au kitambulisho na kibali chake anapotakiwa na askari, na anayekataa bila sababu ya haki anaweza kushtakiwa. Askari asipoweza kukutambua, anaruhusiwa kukupeleka kituoni ili utambuliwe. Wengi wanatembea na nakala na hawasumbuliwi, sikatai. Ila ukikutana na ukaguzi, nakala ni ombi la huruma. Ifunge pasi ndani ya nguo, na nakala iache hotelini kwa ajili ya siku ya msiba.

"Kibali cha ukaazi kinaombwa kituo cha polisi."

NUSU. Kinatolewa na polisi, ila kwa mwanafunzi na mtawa safari inaanzia posta. Una siku 8 za kazi tangu kuingia Italia. Unachukua bahasha ya fomu posta, unaijaza, unairudisha kwenye dirisha lenye jina Sportello Amico, na unapewa risiti pamoja na tarehe ya kwenda kutoa alama za vidole. Risiti hiyo itunze kama pasi, maana ndiyo inayothibitisha uko kihalali wakati unasubiri, na kusubiri kwenyewe si kwa siku mbili. Ofisi ya uhamiaji ya Questura ya Roma haiko Via San Vitale. Iko Via Teofilo Patini, mbali mashariki mwa mji, kwa hiyo toka mapema.

"Asiye na karatasi asikanyage kituoni, hata akiumizwa."

KWELI KWA SEHEMU, na hili silipuuzi hata kidogo. Tangu 2009 kuingia au kukaa Italia bila kibali ni kosa, lenye faini ya kati ya euro 5,000 na 10,000, na askari anayegundua kosa ana wajibu wa kuliandika. Hofu ya watu hao ina msingi. Anayewaambia "nendeni tu, hakuna neno" anawaingiza shimoni.

Lakini kutoka hapo kufikia "nyamaza tu" ni mbali. Kwanza, hospitali si polisi: sheria ya uhamiaji ya 1998 inakataza kabisa kumripoti mgonjwa asiye na kibali kwa sababu tu amekuja kutibiwa, isipokuwa pale ambapo hata Mwitaliano angeripotiwa. Pili, sheria hiyohiyo ina vibali maalumu kwa waliouzwa na kunyonywa, na kwa walioteswa majumbani. Tatu, kuna milango ya kugonga kabla ya ule wa polisi. Namba 1522 ni ya wanawake wanaofanyiwa ukatili, na 800 290 290 ni ya waathirika wa biashara ya binadamu. Zote ni bure. Caritas ya Roma ina kituo cha kuwasikiliza wageni Via delle Zoccolette. Ongea na hao au na wakili, kisha uende kituoni ukiwa na mtu pembeni.

"Polisi wa kiraia akitaka kuona pochi yako, mpe."

UONGO, wa hatari kuliko yote. Huu ni utapeli wa siku nyingi: mmoja anakuuliza njia, mara wanatokea wawili wenye vitambulisho vinavyometameta, wanasema wanatafuta fedha bandia na wanataka wazihesabu zako. Polisi wa kiraia wapo kweli, hasa kwenye metro, na wanaweza kukuomba kitambulisho. Kukuhesabia noti zako barabarani si kazi yao. Mwambie kwa adabu kwamba mwende mahali penye askari wa sare, au piga 112 mbele yake. Askari wa kweli hatakimbia.

Utapeli huo una ndugu yake wa simu, unaowalenga wazee zaidi. Kama unafanya kazi ya kulea mzee wa Kiitaliano, ujue. Anapiga mtu anayejiita afisa wa Carabinieri: mwanao amegonga mtu, zinatakiwa fedha au dhahabu atoke mahabusu. Italia haina utaratibu wa kulipa dhamana ili mtu aachiwe. Kata simu, piga 112 kwa simu nyingine.

"Kilichopotea Roma kimepotea."

UONGO MARA NYINGI KULIKO UNAVYODHANI, hasa kwa karatasi. Kibaka hutaka fedha na simu. Pasi na kadi ya chuo huzitupa, na vitu vilivyookotwa hupelekwa ofisi ya manispaa iliyoko Circonvallazione Ostiense. Kaulize huko kabla hujaanza kuomba pasi mpya, denuncia ikiwa mkononi.

Na siku utakapookota wewe, ujue kwamba Sheria ya Madai ya Italia inakutaka ukikabidhi kwa manispaa ya mahali ulipokiokota. Mwenyewe akijitokeza, unaweza kumdai zawadi: sehemu ya kumi ya thamani kwa euro 5 za kwanza na senti kidogo, na sehemu ya ishirini kwa kinachozidi hapo. Ukipita mwaka mmoja baada ya tangazo na hakuna aliyejitokeza, kitu ni chako.